Zawadi za mtoto anayelima

Binti yangu alizaliwa Juni, na kwa mtoto anayependa bustani hapa Uyole, Mbeya, huo ni mwezi mgumu wa kupokea zawadi. Mvua zimeshakatika na hazitegemewi tena mpaka Novemba. Upepo unashuka kutoka milima ya Uporoto unapasua midomo, na usiku watu wanajifunika blanketi mbili. Hapo ndipo simu inalia, ni shangazi yake wa Dar es Salaam: "Wifi, nimemtumia mtoto mbegu kwenye basi, kaichukueni stendi." Tunafungua bahasha, tunakuta nyanya, pilipili hoho na bilinganya. Mbegu nzuri, hazina kosa, ila zote zinataka joto. Ukizisia Juni huku kwetu zitakaa ardhini zikinung'unika, na zile zitakazothubutu kutoka zitadumaa.

Kwa hiyo ndugu wakiniuliza wamnunulie nini, kabla ya kutaja kitu chochote mimi huuliza italetwa mwezi gani. Wengine huona naringa. Lakini mtoto wa miaka tisa akipewa mbegu leo anataka kupanda leo, na kumwambia asubiri hadi Septemba ni sawa na kumpa zawadi na kumnyang'anya papo hapo.

Juni ina mbegu zake. Njegere zinaipenda baridi hii, chainizi na kabichi vilevile, na karoti pia, ingawa karoti ina lake jambo. Kwenye baridi inaweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuonyesha hata jani, na mtoto hana subira hiyo. Atafukua aone kama kuna kitu. Dawa yake ni figili. Changanya mbegu za figili chache na za karoti katika mstari mmoja. Figili hutoka ndani ya siku chache, zinaonyesha mstari ulipo ili mtoto asije akapalilia karoti zake mwenyewe, na baada ya mwezi hivi zinang'olewa kuliwa, karoti zinabaki na nafasi. Mwaka ambao mjomba wake alileta pakiti hizo mbili pamoja, binti yangu aliona figili kuwa walinzi wa karoti, na aliwazungumzisha hivyo hivyo kama walinzi, akiwauliza usiku umekwendaje.

Maharage yasubiri mvua. Na yakifika wakati wake, hakuna mbegu bora kwa mkono wa mtoto: ni kubwa, inahesabika, haipeperuki na upepo, na ikitoka inanyanyua udongo kwa kichwa mpaka unaiona ikihangaika. Mbegu za mchicha ni vumbi tupu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha tuta lote la mtoto na kubaki, naye atamwaga kijiko chote mahali pamoja. Mama yangu, aliyeko Tukuyu, hutuma maharage ya mchanganyiko kwenye chupa ya maji, mekundu, ya njano, yenye madoa, na ujumbe wa kumtania mjukuu: "Mke mwenzangu, haya usiyapike, ni ya mbegu." Chupa hiyo haina bei, na naipenda kuliko pakiti nyingi za dukani kwa sababu mbili.

Kwanza, mbegu hizo hazijapakwa dawa. Mbegu nyingi za madukani, hasa mahindi na maharage, zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, ndiyo maana zina rangi ya waridi, nyekundu au kijani ambayo si ya asili yake. Rangi hiyo imewekwa kama onyo, lakini kwa mtoto inafanana na peremende. Mtu mzima anajua anawe mikono baada ya kupanda. Mtoto anajifuta kwenye gauni kisha anakula chungwa. Ukinunua mbegu kwa ajili ya mtoto, mwombe muuzaji isiyopakwa dawa, na usione haya kuuliza mara mbili.

Pili, mbegu za mama yangu zinarudi. Binti yangu huacha maganda machache yakauke kwenye mmea, anayapukuchua, anarudisha chupani, na msimu ujao anapata maharage yale yale. Ukimpa mbegu chotara, ile iliyotokana na kuchanganya aina mbili, akatunza mbegu zake kwa furaha akapanda tena, mimea ya kizazi cha pili inatoka kila mmoja na tabia yake, na mtoto anadhani ameharibu. Chotara ni nzuri kwa mkulima wa nyanya wa Ilula anayehesabu matenga. Mtoto anayetaka kuona duara likizunguka apewe mbegu ya kawaida.

Hapa kwetu kuna jambo jingine lililomfurahisha kupita kiasi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kimetoa aina nyingi za maharage kwa miaka mingi, na baadhi yake yamebeba jina la mahali: Uyole 96, Njano Uyole. Baba yake alipomnunulia Njano Uyole akamsomea jina, mtoto alitaka kujua kama na yeye anaweza kuitwa hivyo. Kama unaishi karibu na kituo cha namna hii, kampeleke mtoto akaone vipando wakati wa Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Mpe hela kidogo mkononi, umwache achague mwenyewe. Atachagua kitu ambacho wewe usingekichagua, na atakimwagilia.

Nirudi kwenye zawadi. Katika zote alizowahi kupewa, iliyopokelewa kwa shangwe kubwa kuliko zote ilikuwa kiroba cha samadi. Mjomba wake, kaka yangu anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa, alikuja nacho kwenye bodaboda siku ya kuzaliwa, dereva kakunja uso njia nzima. Wageni waliokuwa sebuleni walicheka. Mama mkwe aliuliza kama kweli mtu anamletea mtoto wa kike mavi ya ng'ombe siku ya keki. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshafungua kiroba anapitisha mkono ndani.

Kaka yangu alijua analolifanya. Samadi ile ilikuwa imekaa miezi kwenye shimo, imekuwa nyeusi, inamomonyoka mkononi na hainuki tena. Hiyo ndiyo samadi iliyoiva. Mbichi ni hatari kwa miche: inapata moto ikioza, inaunguza mizizi, na inaleta mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Kiroba kimoja kilitosha matuta yake yote mawili na kikabaki cha kuchanganyia udongo wa kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Chainizi za mwaka ule zilikuwa na majani mapana kiasi kwamba majirani walikuja kuuliza tumeweka mbolea gani ya dukani.

Zana ni habari ndefu, nitasema fupi. Seti za plastiki zenye reki na koleo za rangi rangi ni za mchanga wa baharini. Udongo wetu mvua ikikatika unakuwa mgumu, na reki ya plastiki inakatika meno kwenye tuta la kwanza. Mtoto anabaki na mpini na huzuni. Jembe la mtu mzima nalo ni zito, na mtoto akilinyanyua hajui litatua wapi, pengine mguuni. Tafuta jembe kuukuu. Kila nyumba ya kijijini ina jembe lililolimiwa mpaka likalika likabaki nusu, limetupwa nyuma ya jiko. Chuma chake ni kile kile kizuri, uzito umepungua, na makali yamekuwa butu kidogo, jambo ambalo kwa mtoto ni faida. Mpelekee fundi akate mpini mpya, mwembamba wa kuenea kwenye kiganja cha mtoto, urefu usizidi kifua chake. Jembe la binti yangu lilikuwa la babu yangu mzaa mama. Hakuna duka linalouza hilo.

Keni ya kumwagilia, sasa. Watu hununua keni kubwa ya lita 10 kwa sababu inaonekana ni zawadi ya maana. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mhesabie mtoto wa kilo 25 kwamba unamtaka abebe kilo 10 na ushee kwa mkono mmoja kutoka bombani. Atabeba robo yake, au ataburuta, au ataacha. Inayomfaa ni ya lita mbili au tatu, na lazima iwe na kichwa chenye vitundu vidogo, kwa maana maji yakimwagwa kwa jagi yanachimba shimo na kuzitoa mbegu nje. Asiyeipata dukani achukue dumu la mafuta ya kupikia la lita tatu, atoboe mfuniko kwa msumari wa moto, vitundu vingi na vyembamba, na kitundu kimoja juu karibu na mkono ili hewa iingie. Tunatumia hilo mpaka leo.

Dumu hilo ndilo lililozaa kipima mvua, ambacho nadhani ni zawadi ya bei rahisi kuliko zote nitakazotaja. Baba yake alichukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa sawa, akalichomeka kwenye udongo mahali pa wazi mbali na bati la nyumba. Kila asubuhi ya masika mtoto anatumbukiza rula na kusoma milimita. Halafu baba yake akamwonyesha hesabu inayofanya mambo yakae pamoja: milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tuta lake lina mita mbili za mraba. Mvua ya milimita 6 ikinyesha usiku, mbingu imemwagia lita 12, yaani madumu manne ambayo yeye hatabeba. Alianza kuandika kwenye kaunta buku: tarehe, milimita, madumu niliyosamehewa. Neno "niliyosamehewa" ni lake. Mwalimu wake wa hisabati aliliona daftari akaomba aje nalo darasani.

Zawadi moja tuliipokea nusu. Rafiki wa familia alileta kinyunyizio kidogo cha mkono, cha kupampu, na pamoja nacho kichupa cha dawa ya wadudu. Nia ilikuwa njema, viwavi vilikuwa vinamaliza chainizi kweli. Kinyunyizio kilikuwa kipya, hakijaguswa na dawa, tukampa kwa ajili ya maji tu, na tukaandika MAJI ubavuni kwa rangi. Kichupa kilikwenda kwenye stoo ya kufungwa na kufuli. Kwa mtoto hakuna dawa ya mimea iliyo ndogo. Na ninyi mnaohamishia dawa kwenye chupa za soda na kuziweka kwenye kona ya jiko, naomba tu mkifika kwangu msije nazo. Viwavi anaviokota kwa mkono asubuhi na mapema, anawapa kuku, na kuku wanamjua sasa kuliko wanavyonijua mimi.

Kuku hao hao, pamoja na wa jirani, ndio waliotufanya tuhitaji uzio. Shemeji yangu wa Kilolo alipanda lori la mbao na mzigo wa mianzi, ile ile ambayo kwao hukatwa ncha ikatoa pombe ya ulanzi, akajenga uzio wa kufika kiunoni kwa siku moja. Aliacha mlango mdogo ambao mtu mzima lazima ainame sana kupita. Nilidhani amekosea vipimo, kumbe alidhamiria.

Na hapo nafika kwenye zawadi ambayo ndugu wengi hawaifikirii kwa sababu haifungwi kwenye karatasi. Mtoto hawezi kulima bustani ambayo kila mtu anavuna. Tulimpa kipande chenye jua upande wa mashariki wa nyumba, mahali ambapo baba yake alikuwa ametia jicho apaki pikipiki. Kipande kilichotaka kutolewa kwanza kilikuwa nyuma ya choo, kivulini, ambako hata magugu yanaota kwa unyonge. Ilichukua mabishano kidogo. Ukimpa mtoto ardhi ambayo wewe mwenyewe huitaki, mimea itamwambia.

Kisha likaja la pili. Wageni walifika jioni, mboga hakuna, mama mkwe akainama kwenye kile kimlango akachuma. Kwake yeye hilo si jambo la kujadili: mboga ipo uani, wageni wapo, mtoto ni wake. Binti yangu hakulia. Kesho yake nilikuta kwenye kaunta buku, chini ya milimita za mvua: "Bibi alichukua chainizi nne. Hakuomba."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Kumkosoa mama mkwe mbele ya mtoto haiwezekani, na kumwambia mtoto anyamaze kungemaanisha uzio wote ni mapambo. Nilichofanya ni kuliacha daftari mezani pale mama anapokunywa chai. Alisoma, alivua miwani, akamwita: "Njoo hapa, mjukuu wangu. Umenishtaki?" Mtoto akajibu, "Shikamoo bibi. Nimeandika tu." Wakazungumza wao wawili, mimi nikiwa jikoni nimetega sikio. Mwisho wake bibi alinunua zile chainizi kwa bei ya fungu la sokoni Uyole, akapunguziwa kidogo kwa kuwa ni bibi, na tangu siku hiyo huagiza. "Mwenye shamba yupo?" ndivyo anavyosalimia akipita pale. Nawaambia ndugu: kama huna hela ya zawadi, njoo uombe kununua mchicha. Mtoto atakukumbuka kuliko aliyeleta baiskeli.

Wenye kuishi kwenye nyumba za kupanga wasikate tamaa. Kiroba cha mchele kilichojazwa udongo na samadi, nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji na matundu ubavuni ya kupandikizia miche, kinamlisha mtoto chainizi na spinachi kwenye baraza. Mwenye nyumba akigoma, ndoo zilizotoboka kitako.

Mti ndio ulikuwa mgumu kuamua. Hapa tunapoishi uwanja ni mdogo, na parachichi inataka nafasi ya mita saba au nane kutoka mti mpaka mti. Baba yangu akasema upandwe kwake Tukuyu, ndiyo nchi ya parachichi, na udongo wa Rungwe hauhitaji kubembelezwa. Alinunua mche wa aina ya Hass uliobebeshwa, yaani kikonyo cha Hass kimeunganishwa juu ya shina la parachichi ya kienyeji. Kama unampa mtoto mti wa matunda, usimpe uliotokana na kokwa hivi hivi. Huo unaweza kukawia miaka mingi, mtoto akaanza sekondari kabla hajaonja. Uliobebeshwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, muda ambao mtoto anaweza kuushika akilini.

Walipanda pamoja mwanzo wa mvua, shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukachanganywa na samadi. Babu alimwachia yeye achane kiriba kwa wembe, maana watu wengi hufukia mche na kiriba chake, mizizi inazunguka humo humo na mti unakufa polepole bila mtu kujua sababu. Alimwonyesha pia kovu la kubebeshea, kwamba lisifukiwe, na kwamba chipukizi lolote linalotokea chini ya kovu ni la mti ule mwingine, wa kienyeji, linataka kuiba chakula, liondolewe likiwa changa kwa kidole. Kila Jumapili mtoto anapiga simu. "Shikamoo babu. Limetoka chini ya kovu?" Babu anatoka nje na fimbo yake kwenda kuangalia, na nina hakika kabla ya mti huo alikuwa hatembei umbali ule.

Mwaka jana mti ulitoa maua kwa mara ya kwanza. Wakulima wa parachichi huyatoa maua ya mwanzo ili mti usijichoshe ukiwa bado mdogo, na babu alitaka kufanya hivyo. Mtoto alikataa kata kata, mti ni wake na maua ni yake. Walivutana kwa simu karibu saa nzima, vocha yangu ikaisha, babu akapiga yeye. Wamekubaliana maua yote yatolewe isipokuwa tawi moja la upande wa barabara, na likishika tunda zaidi ya mawili, mengine yatakatwa. Babu anasema alikubali moja. Daftari linasema mawili, na lina sahihi ya bibi kama shahidi.